Drifti iko kwenye mafuta, sio kwenye usukani

Haya wadau, mliotoka Igoma na Buhongwa na mvua hii nashukuru mmefika, sogeeni mbele kidogo feni linapiga kelele na sina spika. Leo ni drifti, yaani kupita kona gari limekaa ubavu huku tairi za nyuma zinateleza, na nitatumia Gran Turismo 7, gemu ya mbio za magari, sababu ndo iko kwenye hizi tv mbili, ila ninayosema yanafanya kazi kwenye gemu yoyote ambayo gari lake lina uzito na tairi zinazoteleza kama za kweli.

Nikipita kwenye mabanda ya gemu hapa Mwanza naona kitu kilekile, kijana anachagua gari la hospawa 900, anafika kwenye kona, anavuta handibreki, gari linazunguka kama pia, anarudia tena na tena mpaka hela inaisha. Mi mwenyewe nimekaa hivo miezi miwili nikijua shida ni kona. Kulegeza mkia wa gari ni kazi ya sekunde moja, mtu yeyote anaweza. Kazi yenyewe ni zile sekunde nne tano zinazofuata, gari limekaa ubavu na we unatakiwa ulibebe hivohivo mpaka kona iishe.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndo penyewe. Chukulia tairi ya nyuma ina shilingi 100 mfukoni. Hela hiyo inanunua vitu viwili tu, kusukuma gari mbele na kushika lami lisiende ubavu. Ukibonyeza R2, kitufe cha mafuta kwenye pedi, mpaka mwisho umemaliza 100 yote kwenye kusukuma, ya kushika haijabaki hata senti, mkia unakimbia. Alafu ukiogopa ukaachia mafuta ghafla ni mbaya zaidi, tairi za nyuma zinashika tena kwa mpigo wakati usukani bado umeukata kinyume cha kona, basi gari linakurusha upande wa pili na hapo hakuna wa kuliokoa. Kwa hiyo kidole cha mafuta kinakaa katikati, mkia ukizidi kwenda unapunguza kidogo, gari likianza kunyooka unaongeza kidogo, kidogo kweli. Ndo maana nasema usukani wa drifti ni mafuta.

Usukani wenyewe una kazi yake, na wengi wanachelewa. Nendeni Mwaloni pale Kirumba mkaangalie mtu anayejua mtumbwi akigeuza kuingia kwenye maegesho, mkia ndo unaotembea, na yeye anarudisha kasia kabla mtumbwi haujanyooka, hasubiri unyooke, akisubiri utapitiliza. Gari liko hivohivo. Kwenye gari la kweli tairi za mbele zinajirudisha zenyewe, dereva wa drifti anauachia usukani uzunguke mikononi, alafu anaudaka. Kwenye pedi hiyo kazi ni ya kidole gumba chako, ukiona pua ya gari inaanza kurudi tu, legeza, hata kama moyo unakwambia bado.

Gari la kujifunzia, anzeni na Toyota AE86. Lilitengenezwa 1983 mpaka 1987, injini ya cc 1600, jepesi chini ya tani moja, linasukuma nyuma, na Keiichi Tsuchiya, yule wanayemuita Drift King, jina lake limeshikamana na gari hilo mpaka leo. Nguvu yake ni ndogo, na hiyo ndo faida, linakupa muda wa kuona kosa lako. Mnaojua magari ya mtaani mtanielewa, Mark II na Altezza zinasukuma nyuma, IST yenu inavuta mbele, ukivuta handibreki mkia utateleza ila mafuta hayawezi kuubakiza pale.

Kwenye setingi zima traction control, ile inayozuia tairi kuteleza, iwe 0, zima ASM, ile inayozuia gari kuzunguka, zima na msaada wa kukata usukani kinyume, weka gia manyuo, unabadilisha mwenyewe, tairi weka aina ya Comfort Hard sababu zinaachia mapema na kwa upole.

Kuna dada kaniuliza mlangoni kama lazima awe na usukani wa gemu. Hapana, pedi inatosha kabisa, ila ikague kwanza. Analogi, vile vijiti vya kidole gumba, nyingi za mabandani zimechoka, gari linavuta lenyewe kushoto na hujagusa kitu, utalaumu mikono yako bure wiki nzima. Iache mezani, angalia kama gari linaenda mstari.

Na ile barabara ya Capri Point ina watoto na bodaboda, hii kitu ibaki kwenye tv, naomba sana.

Kuanzisha drifti, leo sitaki handibreki. Unakaribia kona ya kulia, unapeleka pua kushoto kidogo, unaachia mafuta uzito uje mbele, unakata kulia kwa haraka, mkia ukitoka tu unarudi kwenye mafuta nusu. Kona ni moja tu kwa leo, ileile, mara ishirini, na kila baada ya tano tunaangalia riplei tuone mafuta yaliachiwa wapi. Dada uliyeuliza, kaa kwenye tv ya kushoto, gia ya pili, na uingie polepole kuliko unavyotaka.