Nani anasaini ankara ya testa?

REHEMA: Tumeshaanza kurekodi? Haya, karibuni jamani, ni sisi tena, Rehema hapa, na kaka Kassim ndo kwanza anavua begi.

KASSIM: Foleni ya Ubungo hiyo, msinilaumu. Endelea dada.

REHEMA: Leo nilipanga pointi tatu za namna ya kuandika tenda ya kukagua programu za kompyuta, ziko kwenye daftari hapa, lakini kwanza niseme cha Jumanne maana bado kimenikaa rohoni. Nina kazi ya kutesti mfumo mmoja wa malipo, siutaji jina. Nimekuta mteja akilipa halafu mtandao ukakatika katikati, anakatwa hela mara mbili, nikaandika wazi kwenye ripoti, kosa kubwa, mfumo usiwashwe. Jumanne napigiwa simu, dada Rehema hilo "kubwa" hebu liwe "la kati", ankara yako iko mezani kwangu inasubiri saini. Na anayesaini ankara yangu ndo huyohuyo aliyeujenga mfumo!

KASSIM: Duh. Ukafanyaje?

REHEMA: Sikugusa hata nukta. Na ankara bado iko mezani. Sasa nikasema leo lazima tuongelee Fairmont.

KASSIM: Haya jamani, Fairmont imefika! Dakika ya tatu tu.

REHEMA: Inabidi, kuna wasikilizaji wapya. Fairmont ni mji mdogo tu Marekani, jimbo la West Virginia, na pale NASA, shirika la anga la Marekani, wana kituo kazi yake ni moja, kuhakiki programu za vyombo vya anga zilizoandikwa na watu wengine. Kilianza 1993. Chombo cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986 chanzo hakikuwa programu kabisa, zilikuwa zile mpira za kuzibia maungio ya roketi, ila uchunguzi ukafungua macho watu wakaanza kuuliza na programu je, nani anaziangalia zaidi ya waliozitengeneza? Mwaka 2019 kikapewa jina la Katherine Johnson, yule mama mwanahisabati, naye mzaliwa wa jimbo hilohilo.

KASSIM: Na sema ukweli wote, kwa nini Fairmont? Seneta Robert Byrd alikuwa mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya fedha kwenye Seneti, akapeleka kazi kwao.

REHEMA: Sawa, siasa ilikuwepo, sikatai. Lakini angalia muundo wenyewe. Uhuru wa mkaguzi wanaugawa mara tatu. Wa kiufundi, kwamba anachambua mwenyewe bila kuazima hesabu za aliyetengeneza. Wa kiutawala, kwamba yeye ndo anachagua aangalie wapi, haongozwi na meneja wa mradi. Na wa fedha, yaani hela yake inatoka ofisi kuu ya usalama wa NASA, haipitii kwenye mradi unaokaguliwa. Meneja wa mradi hana ankara ya kukalia! Halafu wengi wanaofanya kazi pale si waajiriwa wa serikali, ni wa kampuni zilizoshinda tenda, na kanuni za manunuzi za serikali kule zina kipengele kizima cha mgongano wa maslahi, kampuni haipewi tenda ya kukagua kitu ilichotengeneza yenyewe mpaka ofisa wa manunuzi aridhike kuna ukuta wa kweli katikati, na asiporidhika mnakosa tenda.

KASSIM: Mi nakusikiliza, ila hebu tuchukue Starliner, kile chombo cha anga cha Boeing.

REHEMA: Usianze na saa.

KASSIM: Naanza na saa! Desemba 20, 2019, Boeing wanarusha Starliner bila watu ndani, kiende kituo cha anga. Kimebebwa na roketi ya Atlas V. Kile chombo kilitakiwa kichukue saa kutoka kwenye roketi, tumeruka muda gani uliopita, basi kikaisoma mapema mno, kabla roketi haijaanza hesabu yake ya mwisho, kikapata saa iliyopishana na ukweli kwa masaa 11. Kimeachana na roketi, kinaamini kiko hatua nyingine kabisa ya safari, kinawasha vijiinjini vidogo kujiweka sawa, mafuta yanaungua, na ile injini ya kukipandisha haiwaki muda wake. Kituo cha anga hakijafikiwa, siku mbili baadaye kimetua White Sands, New Mexico.

REHEMA: Masaa kumi na moja.

KASSIM: Kungekuwa na Mswahili mmoja kwenye kile kikao angeuliza tu, samahani, saa ya wapi hiyo?

REHEMA: Umenikumbusha binamu yangu na tiketi ya Muscat! Imeandikwa saa 3:00, kaka wa watu kafika uwanjani saa tatu asubuhi, kaoga, kapiga pasi, ndege ishaondoka saa tisa usiku.

KASSIM: Saa ya wapi!

REHEMA: Shangazi anampigia, umeshapanda? Anasema bado, naona uwanja umetulia tu.

KASSIM: Mi nyumbani harusi yoyote mtu akitaja muda, mzee anadakia, saa ya kadi au saa ya bibi harusi? Lakini dada usicheke ukapitiliza, maana hapo ndipo penyewe. Saa ya binamu yako ilikuwa nzima. Saa ya Atlas nzima, ya Starliner nzima, kilichokosekana ni makubaliano tunahesabu kuanzia wapi. Na unajua walitesti vipi? Vipandevipande. Safari ya kwenye roketi wakaitesti peke yake mpaka pale chombo kinapoachana nayo, wakasimama, kisha wakaanza jaribio lingine kutoka hapo. Jaribio moja zima mpaka kufika kituoni lingechukua zaidi ya masaa 25, wakaona hivi inatosha.

REHEMA: Na saa ya wapi iko kwenye maungio, pale vipande viwili vinapokutana.

KASSIM: Iko kwenye maungio! Halafu chombo kikiwa bado juu wakakuta kosa la pili, kwenye mpangilio wa kuachana na ile sehemu ya nyuma ya injini, wakalirekebisha masaa machache kabla ya kutua. Uchunguzi ukatoa mapendekezo 80. Sasa niambie, hapo uhuru wa hela unasaidia nini? Kinachosaidia ni mtu aliyekaa na timu zote mbili kila siku akasema jamani tuiendesheni yote kwa pamoja.

REHEMA: Hapana. Hapana kaka. Mkubwa mmoja wa NASA alikiri hadharani usimamizi wao haukutosha. Aliyekaa na timu ndo huyohuyo anayeambiwa masaa 25 ni mengi, bosi kanuna, ratiba imebana, na yeye anakubali maana kesho anakula nao chakula cha mchana. Ariane 5! Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya imeruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, haijafika sekunde 40 imekwisha. Programu ya kujua mwelekeo wameichukua kutoka Ariane 4, namba imekuwa kubwa haitoshi kwenye nafasi yake, kompyuta imezima. Ya akiba ilikuwa na programu ileile, yenyewe ilishazima kabla hata ya ile kuu. Namba saba zilijulikana zina hatari, nne wakaziwekea kinga, tatu wakaziacha ili kompyuta isizidiwe. Na ripoti ya uchunguzi inasema uamuzi ule washirika waliufanya pamoja, ngazi mbalimbali za mikataba. Pamoja, Kassim! Walikaa wote mezani.

KASSIM: Walikaa wote na data ya safari ya Ariane 5 yenyewe hawakuiweka kwenye jaribio. Wangeiweka ingeonekana hapohapo, na hilo halihitaji mtu wa nje, linahitaji jaribio.

REHEMA: Na nani atawalazimisha wafanye jaribio?

KASSIM: Mkataba! Andika kwenye mkataba, hakuna malipo bila jaribio la mwanzo hadi mwisho. Maana Fairmont yako ilikuwepo tangu 93, na mwaka 1999 vyombo viwili vya Mars vimepotea ndani ya miezi mitatu. Mars Climate Orbiter, Septemba 23, programu ya huku chini imetoa hesabu ya msukumo kwa pauni, kipimo cha Kiingereza, wakati waraka wa makubaliano unataka nyutoni, kipimo cha metriki. Desemba Polar Lander, chanzo kinachodhaniwa ni programu kuona mtikisiko wa miguu ikifunguka ikaamini imeshatua, ikazima injini ingali juu mita 40 hivi.

REHEMA: Kuwa na kituo si sawa na kila mradi kupitia pale kwa kina. Wanachagua penye hatari zaidi, bajeti haiwatoshi kusoma kila kitu.

KASSIM: Sasa si umejijibu? Na wakikuta kosa wanaandika, hawazuii roketi. Mwenye mradi anaweza kusema asante nimeona, nakubali hatari.

REHEMA: Anaweza, lakini imeandikwa, na jina lake lipo, na aliyeandika mshahara wake hautikisiki. Wewe hujawahi kupigiwa simu ile ya Jumanne. Na wale hawasomi makaratasi tu, wana maabara wametengeneza vyombo vya kuigiza, wanaendesha programu ya chombo bila chombo chenyewe kuwepo.

KASSIM: Mi nimekaa upande wa wanaoandika miaka yote, na makosa mabaya kwenye kazi zangu yamekamatwa na testa aliyekuwa meza ya pili. Mtu wa mbali ananiletea orodha ya makosa mia, tisini ni nafasi za mistari, hajui mfumo unafanya nini.

REHEMA: Kwa sababu mlimpa makaratasi, hamkumpa mfumo!

KASSIM: Kwa sababu yuko mbali!

REHEMA: Hatutaelewana hapa.

KASSIM: Hatutaelewana kweli, mi sisogei.

REHEMA: Wala mimi. Na sasa mwenye studio ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili au?

KASSIM: Saa ya wapi?

REHEMA: Acha bwana! Jamani zile pointi tatu za tenda, nani aandike vigezo, malipo yagawanywe vipi... hazitoshi, naziacha. Ila kama upo ofisi ya manunuzi, ya halmashauri, ya hospitali, popote, na mna mfumo unatestiwa, kaangalie leo hela ya testa inapitia kwa nani. Tutumieni voisi.

KASSIM: Na muulizeni pia kama ameuendesha wote mwanzo mpaka mwisho, au amesimama katikati. Na dada, ile ankara yako mi Jumatatu naongozana na wewe tukaifuate.

REHEMA: Saa mbili asubuhi, getini kwao.

KASSIM: Saa mbili ya wapi?

REHEMA: Kassim! Zima, zima hiyo.