Siku ya Wauzaji: Tuliingia Kundi Zima

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Na wewe unayetusikiliza, uwe Chikongola, uwe Masasi, uwe Lindi mjini, karibu. Leo ni ile siku ya wauzaji wa kompyuta, maana tangu tutoke pale ukumbini simu hazikatiki.

FUNDI: Wengi wanauliza bei tu.

MWALIMU: Bei wakawaulize wenye bidhaa. Kwanza mtu aelewe yalikuwa maonyesho ya namna gani. Siyo kama Nane Nane pale Ngongo, unapita bandani, unapewa kipeperushi, unaondoka. Hapa wauzaji waliitwa na vikundi vya watumiaji wa kompyuta. Sisi wenyeji, wao wageni.

FUNDI: Ndiyo maana walikuja na adabu.

MWALIMU: (anacheka) Adabu ya msimu wa korosho hiyo! Fedha za mnada zikianza kuingia, kila mwenye bidhaa anaijua njia ya Mtwara. Ila kuna jingine. Tuliingia na makatibu wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, kutoka Tandahimba, wenye steshenari, walimu wenzangu, na wewe na bisibisi zako. Muuzaji akiliona kundi lile anajua hapa haiuzwi laptopu moja. Amdanganye katibu mmoja leo, habari itafika Newala kabla ya basi.

FUNDI: Na hao makatibu siku hizi hawana ujanja, mnada wenyewe umehamia kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni. Ila mtindo huu wa vikundi ni wa zamani. Tarehe 5 Machi 1975, kule California, watu walikutana kwenye gereji ya mwenzao Menlo Park, wakajiita Homebrew Computer Club. Kilichowakusanya ni Altair 8800, kompyuta ya kujiungia mwenyewe kwa mkono. Steve Wozniak alikuwemo, na kompyuta ya kwanza ya Apple aliwaonyesha wenzake wa klabu hiyo.

MWALIMU: Mimi navutiwa zaidi na ya Boston. Boston Computer Society, 1977, mmoja wa walioianzisha ni Jonathan Rotenberg, ana miaka 13. Darasa la saba huyo! Ikakua mpaka ikapita wanachama 30,000. Macintosh, kompyuta ya Apple, ilipozinduliwa Januari 1984, Steve Jobs wa Apple aliipeleka kwao Boston mwezi huohuo, akasimama mbele ya wanachama.

FUNDI: Kwa nini aende kwa klabu, asiende dukani?

MWALIMU: Kwa sababu mwanachama mmoja ndiye anayeulizwa na mtaa mzima. Wewe mwenyewe, nani pale mtaani kwenu ananunua kompyuta bila kukupigia?

FUNDI: Na hawalipi.

MWALIMU: Hilo ni la kwako na wao. Haya, laptopu za mtumba.

FUNDI: Hapo ndipo palipokuwa na moto. Kijana anakwambia, “i5 hii, mashine ya kazi.” Sawa, i5 ni jina la prosesa ya Intel, ule ubongo wa mashine, na inatoka kwa vizazi. Hii ya lini? Soma namba iliyo baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Tena usiisome kwenye stika, stika inabandikwa na yeyote. Washa mashine, ingia kwenye mipangilio, isome humo. Sasa, Microsoft walikatisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana, pamoja na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya mashine. Kwa hiyo ukiona bei inakuchekea, uliza kizazi.

MWALIMU: Lakini pale zilikuwepo za kizazi cha 6 na Windows 11 imo ndani.

FUNDI: Imeingizwa kwa njia za panya. Itawaka, itafanya kazi, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho. Mtu wa kuandika barua na kuchapa mitihani mwekee Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ataendelea vizuri. Shida yangu ni moja: aambiwe kabla hajatoa hela.

MWALIMU: Ndiyo nilichomuuliza yule kijana.

FUNDI: Ulimuuliza kwa sauti ya darasani, Mwalimu. Ukumbi mzima ukageuka.

MWALIMU: Sauti nyingine sina. Waeleze ya betri.

FUNDI: Muuzaji anasema betri inakaa saa nne. Nikaomba mashine, nikafungua sehemu ya kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Inakutolea ripoti yenye mistari miwili ya maana: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na kiasi inachoweza kujaza sasa. Ile ilikuwa imebaki chini ya nusu. Sikusema neno, nilimgeuzia skrini tu. Akashusha bei mwenyewe.

MWALIMU: Na umeme wetu unavyokatika katikati ya kazi, betri ndiyo inayokuokoa faili. Mwenye AMCOS asiilegezee hiyo.

FUNDI: Flashi sizungumzii sana. Ukiona ya terabaiti mbili kwa bei ya sahani ya pweza, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima flashi, kisha uisome tena. Nyingi zinatangaza ukubwa zisiokuwa nao.

MWALIMU: Bahati nasibu je? Mlango wa kuingilia, “andika jina na namba ya simu ushinde begi.” Mimi niliandika namba ya kikundi.

FUNDI: Mimi niliandika yangu, na meseji za ofa zinaingia mpaka usiku. Begi kapata mwingine.

MWALIMU: Waombe wakufute. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo, imeanza kutumika Mei 2023. Na walionunua: risiti ya EFD, na dhamana iandikwe pamoja na namba ya mashine yenyewe. Dhamana ya mdomo inapanda basi na muuzaji.

FUNDI: Ila kilichonifurahisha ni yule wa printa za tangi la wino. Tulimwambia kama vile vilabu vya zamani: tuachie moja tuijaribu. Wengine wote walikataa. Yeye kaiacha.

MWALIMU: Iko wapi sasa?

FUNDI: Ligula, kwa mwenye steshenari, anachapia mitihani ya majaribio. Anahesabu kurasa na wino, tujue ukurasa mmoja unamgharimu kiasi gani kweli. Muuzaji kaweka sharti moja tu, majibu tumpe yeye kwanza kabla ya wanachama.

MWALIMU: Sharti hilo mimi sikulikubali.

FUNDI: Nililikubali mimi.

MWALIMU: Fundi! Wanachama wasubiri, muuzaji ndiye asome kwanza?

FUNDI: Siku mbili tu, Mwalimu.

MWALIMU: Hata saa mbili. Zima maiki.