Ibara ya 15 na Daftari la Shangazi

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi Zuhura, na huyu hapa Masanja, leo kaja na begi utadhani anahama nyumba.

MASANJA: Shikamooni wakubwa mnaotusikiliza. Vitabu hivyo, Zuu. Si ulisema leo kila mtu aje na kilichomtia moyo?

ZUHURA: Nilisema. Ila nakujua, utaanza na vile vya kuamka saa kumi alfajiri.

MASANJA: [anacheka] Navyo nilisoma! Amka saa kumi, oga maji ya baridi, andika malengo yako. Nikajitahidi wiki mbili. Ya tatu nikasinzia kikaoni mbele ya bosi.

ZUHURA: Mimi ugomvi wangu na vitabu vile si kuamka. Ni kwamba kila kitu ni wewe. Umaskini ni wewe, kukosa kazi ni wewe, bomba lisipotoa maji ni mtazamo wako. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunifundisha kuuliza hela ya bomba ilikwenda wapi.

MASANJA: Basi shika hiki. Taratibu, kimechoka.

ZUHURA: Ee! Hiki kimenizidi umri. Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala enzi zile, 1971. Hii ni gundi au uji?

MASANJA: Uji, nadhani. Kilikuwa cha babu, alikuwa kuli bandarini. Kijembamba hivyo, unapanda nacho daladala Mbagala, ukifika Kariakoo umeshakimaliza.

ZUHURA: Kwa foleni ile unakimaliza mara tatu.

MASANJA: Sasa angalia mwaka. Novemba 1970 Wareno wanavamia Guinea, kule Conakry. Januari 25, 1971, Idi Amin anampindua Obote hapo Uganda, jirani tu. Dar watu wana wasiwasi, kesho ni zamu ya nani? Februari TANU wanakaa, wanatoa hiki. Sehemu kubwa ni habari za mapinduzi ya Afrika na ulinzi wa nchi, mambo makubwamakubwa. Halafu humo katikati kuna ibara ya 15. Ona, babu kaipigia mstari wa penseli.

ZUHURA: Kapiga mistari miwili kabisa.

MASANJA: Kwa kifupi inasema ni mwiko kwa kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, kudharau watu na kuonea watu.

ZUHURA: Ngoja hapo. Mwiko. Hawakusema "haipendezi", wala "kiongozi anashauriwa". Mwiko ni neno la nyumbani, la bibi. Mwiko ukiuvunja ukoo mzima unakugeuka.

MASANJA: Na wafanyakazi walilisoma hivyohivyo. Walioandika sijui walitegemea nini, pengine kijitabu kikae makabatini. Lakini kilifika viwandani. Bosi alizoea kuwaita watu majina ya ajabu, leo kuli mmoja anamtolea kijitabu mfukoni anamwambia, mzee, ibara ya 15. Kuanzia 1971 hadi 1973 migomo ikafuatana, na mingi haikuwa ya mshahara. Watu waligoma kwa sababu ya dharau. Meneja ana kauli mbaya, wanamfungia geti.

ZUHURA: Wanamfungia nje?

MASANJA: Nje! Mount Carmel, kiwanda cha mpira hapa Dar, 1973, wafanyakazi walimfungia mwenye kiwanda wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Na serikali, safari ile, ikawa upande wao.

ZUHURA: Safari ile. Nimeisikia hiyo "safari ile" yako.

MASANJA: Umeisikia vizuri. Viwanda vingine vilipofuata nyayo, jibu likabadilika. Watu walikamatwa, watu walipoteza kazi. Na hata kabla ya hapo, Julai 1971, pale Chuo Kikuu Mlimani, rais wa wanafunzi alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Akaandika barua ya wazi kwa uongozi wa chuo, ananukuu Mwongozo huuhuu. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, waliingia chuoni wakamchukua, akarudishwa kwao Kenya.

ZUHURA: Kwa hiyo kitabu kimeandikwa na chama, kimesambazwa na chama, na ukikisoma kwa sauti unabebwa kwenye gari. Masanja, hiki ndicho kitabu chako cha kutia moyo?

MASANJA: Ndicho.

ZUHURA: Nieleze polepole.

MASANJA: Babu hakuwa mtu wa maneno. Ila alikuwa anasema bandarini kulikuwa na siku mbili, kabla ya ibara ya 15 na baada yake. Kabla, ukitukanwa unanung'unika na wenzako kwenye chai. Baada, unajua ukurasa. Hakusema mabosi waligeuka malaika. Alisema wao ndio walioacha kuinamisha kichwa. Manung'uniko mkubwa anayazoea, hayamkoseshi usingizi. Ila swali lenye namba ya ibara, na namba hiyo kaitia saini mwenyewe, atalikwepa vipi? Lazima ajibu au atumie nguvu. Na akitumia nguvu, kila mtu ameona kwamba hana jibu.

ZUHURA: Hapo sawa, ingawa aliyebebwa kwenye gari usimwambie hivyo, atakuzaba kibao. [anacheka] Mimi nina kingine cha miaka hiyohiyo, na kwangu kinakata zaidi. Tujisahihishe.

MASANJA: Ya Mwalimu Nyerere.

ZUHURA: Ya 1962. Yule bwana kajiuzulu uwaziri mkuu Januari, wiki sita tu baada ya uhuru, kamwachia Kawawa, kaenda kuimarisha chama. Na mwaka huohuo anaandika kijitabu cha kukisema chama chake mwenyewe. Anasema ukweli haujali mkubwa wala mdogo, na ukiupuuza utalipiza kisasi. Lakini kilichonichoma mimi ni pale anaposema tuna ugonjwa wa kupima neno kwa kumtazama aliyelisema. Adui yangu akisema mbili na mbili ni nne, nakataa. Rafiki yangu akisema ni tano, nanyamaza.

MASANJA: Nne na tano ni zako hizo?

ZUHURA: Zangu, lakini maana ni yake. Sasa angalia sisi. Tunauliza maswali makali kwa viongozi wa chama tusichokipenda. Wa kwetu akiharibu tunasema apewe muda. Hilo si kuhoji, huo ni ushabiki wa Simba na Yanga.

MASANJA: Usinitazame mimi wakati unasema Yanga.

ZUHURA: Ninayemtazama anajijua. Halafu mwenyewe kaendelea hivyo hadi uzeeni. 1993 wabunge 55 wanadai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, kundi la G55. Mzee keshastaafu, angeweza kukaa Butiama anywe uji. Akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akawataja viongozi wa juu kwa majina na vyeo, wa chama chake, akawauliza. Kitabu kikachapwa Harare.

MASANJA: Harare siyo Dar. Hilo nalo ni habari.

ZUHURA: Habari inayojieleza. Unaweza usikubaliane naye kuhusu Muungano, wapo wengi hawakubaliani naye, na kwenye utawala wake maswali mengine yaliwapeleka watu kizuizini. Hilo nalo tuseme, maana yeye mwenyewe kasema tusimtazame msemaji. Lakini namna ya kuhoji ipo mle: hili ulisema lini, ulikubali kikao gani, leo kwa nini unasema vingine?

MASANJA: Msikilizaji anasema sawa, lakini mimi siongei na mawaziri. Mimi naongea na mwenyekiti wa mtaa.

ZUHURA: Nilikuwa nasubiri hapo. Nikupe ya shangazi yangu.

MASANJA: Yule wa kijijini, wa vitumbua?

ZUHURA: Huyohuyo. Darasa la saba, miwani kamba upande mmoja. Kijiji kilichangishwa matundu ya choo cha shule, shilingi 5,000 kila kaya, kaya 210. Mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe, mwenyekiti anasoma, matumizi shilingi 620,000, salio hakuna, makofi. Shangazi akanyoosha mkono. Ana daftari. Anasema, mwenyekiti samahani, kaya 210 mara 5,000 mimi napata 1,050,000.

MASANJA: Uwiii.

ZUHURA: Kimya. Mjumbe mmoja anamwambia mama kaa chini unatuchelewesha. Akasema sikai, sheria inasema mkutano huu unakuwepo kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanasomwa, nimekuja kusomewa. Hiyo sheria aliijua kwa kijitabu cha semina, cha picha, kile wengine walifungia karanga.

MASANJA: Mwenyekiti akasemaje?

ZUHURA: Kaahirisha kikao. Lakini mkutano uliofuata alikuja na karatasi. Kaya 48 hazikuwa zimelipa. Kwa hiyo zilikusanywa 810,000. Shangazi akapiga hesabu hapohapo, bado 190,000. Ikapatikana stakabadhi ya fundi, 120,000, kweli ilikuwa imesahaulika. Sasa ona, asingeuliza, kijiji kizima kingeendelea kunong'ona kwamba mwenyekiti kala zaidi ya laki nne, na hakula. Nusu ya swali lake lilimsafisha yule baba.

MASANJA: Zile 70,000 zilizobaki?

ZUHURA: Mpaka leo hazina karatasi.

MASANJA: [anacheka] Hazina karatasi!

ZUHURA: Na kuna watu hawanunui tena vitumbua vyake. Anasalimiwa kwa shingo upande. Tusiwadanganye watu kwamba unauliza halafu unabebwa juujuu.

MASANJA: Mtu anayetaka kuanza, aanze na nini? Mimi nasema Katiba ya 1977, ibara ya 8, ni mistari michache. Wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itawajibika kwa wananchi. Kisha ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Ikishawasilishwa bungeni, kila Aprili tunaipigia kelele mitandaoni, asilimia kubwa hatujafungua hata ukurasa mmoja.

ZUHURA: Usimtupie mtu makurasa yote yale. Atafute halmashauri yake tu, kurasa mbili tatu. Shule aliyosoma, zahanati anayotibiwa. Akikuta jina analolijua, usingizi wenyewe utakata, hahitaji maji ya baridi.

MASANJA: Halafu apige mstari wa penseli.

ZUHURA: Apige miwili kama babu. Ila mimi juzi nilimpigia shangazi, nikamuuliza nimletee zawadi gani kutoka mjini, nikijua atasema kitenge.

MASANJA: Akasema?

ZUHURA: Kaunta buku ya kwaya mbili. Daftari la kwanza limejaa, na wameanza kuchangisha ya zahanati.