Nimejifungia bafuni, watoto wameamka

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli, leo mtanivumilia naongea kwa kunong'ona na hilo taulo mnaloliona nyuma yangu sio mapambo, nimejifungia bafuni. Sa hivi ni saa 11:40 alfajiri. Hebu tulieni kidogo… mmesikia? Hiyo ni sufuria na mwiko. Wa miaka minne ndo anapiga, wa miaka miwili yeye kazi yake ni ile yowe nyembamba inayoingia mpaka kwenye meno.

Kila siku kwenye komenti oooh wewe uko majuu maisha mteremko. Mteremko gani jamani, bibi yao yuko mbali, shangazi zao ndo nyie mnaonitazama hapo, mama yao ameshatoka kwenda kazini kwake, mimi nimerudi shifti saa 7 usiku, na chini yetu kuna jirani ambaye kiatu kikidondoka tu anagonga dari na mpini wa fagio.

Mwanzo nilikuwa nafoka. Nikifoka na wao wanapandisha, kumbe spika kubwa humu ndani nilikuwa mimi. Siku moja koo lilikuwa linauma nikanong'ona tu "njooni niwaambie siri", wakanyamaza wote wawili wakasogea. Haikubali kila siku, nisiwadanganye, ila inashinda kufoka.

Halafu nilidhani nikiwachelewesha kulala na kuamka watachelewa. Wapi! Mtoto akichoka kupita kiasi usingizi wake unakatikakatika, anaweza kuamka mapema zaidi na kanuna juu yake. Nikaja kujua mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji masaa 11 mpaka 14 kwa siku, wa miaka 3 mpaka 5 masaa 10 mpaka 13, na usingizi wa mchana umo humohumo. Sasa piga hesabu, umemlaza saa 1 jioni, ikifika saa 11 na nusu alfajiri ana masaa 10 na nusu tayari, mwenzio sio mtundu, kashiba usingizi, mwenye deni ni wewe.

Na mwanga nao. Macho yakipata mwanga mwili unapunguza melatonini, ile homoni ya usingizi, basi dirisha lao nikaliwekea pazia zito jeusi na wakaongeza kama nusu saa hivi. Nusu saa! Unaoga, unakaa, ukitaka kulia unalia kidogo kwa raha zako. Taa ya taima pia nimenunua, ikiwaka kijani ruhusa kutoka chumbani, mkubwa alielewa baada ya wiki mbili, mdogo kwake rangi zote ni "njano" kwahiyo anatoka muda wowote. Usiku nawaachia boksi la vitu visivyolia, vitambaa, midoli laini, vitabu. Na wewe ndugu yangu uliyewatumia ngoma ya plastiki, najua unatazama, nimeificha juu ya kabati na sijakusamehe.

Ila kilichosaidia kuliko vyote hakina hela. Niligundua wanazidisha nikiwa nimeshika simu. Sasa wakiamka nakaa nao chini sakafuni dakika 10, simu iko mbali, sijafanya kingine chochote, wananipanda mgongoni wee, halafu wanaenda kucheza wenyewe muda mrefu tu bila kugombana. Zile kelele nyingi zilikuwa zinaniita mimi bwana. Na leo badala ya kukaa nao niko huku bafuni nimeshika simu napiga stori na nyie, sawa, chekeni tu…

Ngoja. Sufuria imenyamaza. Hii ndo mbaya, bora ile kelele nilikuwa najua wako wapi.

Aah, oneni hapo chini ya mlango, vidole vinne. Vitano. "Baba, unaongea na nani?"

Haya kwaherini, msisahau kusabskraibu, nafungua.