Yai Viza la Bellaire

FRANK: Tushaanza? Haya. Karibuni tena, Frank na Rehema, tupo Houston kama kawa, na leo Rehema kaja kanuna kabla hata sijafungua mdomo.

REHEMA: Sijanuna. Nasubiri uwaambie watu ulichokula Jumanne.

FRANK: Nimekula yai.

REHEMA: Sema vizuri.

FRANK: Yai la bata la kuchemsha, lenye kifaranga ndani. Wavietnam wanaliita hot vit lon. Ndo hivyo. Leo tuna mambo matano ya kumsaidia mtu anayeingia restorenti ya Kivietnam kwa mara ya kwanza, nimeyaandika kabisa hapa, ila naona lazima tuanze na hili yai.

REHEMA: Lazima.

FRANK: Basi iko hivi, nimetoka shifti ya usiku, saa mbili asubuhi nipo Bellaire Boulevard, nyie mnaokaa Alief mnaijua, ile barabara ambayo hata vibao vya mitaa vimeandikwa na Kivietnam. Nikaingia sehemu ndogo wanayouza uji wa mchele na utumbo, wanauita chao long, nikakaa. Kuna mama mtu mzima pale, shikamoo yangu haijui lakini nampa kila siku. Meza ya jirani mzee mmoja ana mayai matatu mbele yake, anakula taratibu, hana habari na mtu. Nikaonyesha kidole, nikasema na mimi. Mama akanitazama, akatabasamu, akaniletea moja.

REHEMA: Moja tu, alijua.

FRANK: Moja. Na nilikuwa nataka kulipasua katikati kama yai la kawaida, akanishika mkono. Akaligeuza, upande mpana juu, ule wenye hewa. Unagonga na kijiko, unatoboa kitundu, unakunywa kwanza mchuzi wake. Rehema, ule mchuzi ni supu ya kuku wa kienyeji, sikuongopei. Halafu unaweka chumvi na pilipili manga zimekamuliwa ndimu, na majani ya rau ram, yana ukali ukali yale, yanakata shombo, ndo unakula na kijiko. Kuna kipande cheupe kigumu kama raba ya kufutia, hicho akaniambia kwa mkono niache.

REHEMA: Na manyoya?

FRANK: Kidogo. Laini.

REHEMA: Astaghfirullah. Sasa wasikilizaji, Tanga hilo tunaliita yai viza. Bibi yangu alikuwa anafuga, kuku anaatamia siku 21, vifaranga wanatoka, yale yanayobaki chini hayajatotoka ndo mayai viza, na unatumwa wewe mtoto ukayatupe mbali kabisa kwenye migomba, unayabeba kwa kijiti maana likipasuka mkononi hiyo siku hulali ndani. Mtu mzima na akili zake, ana kazi, ana gari, anaenda kulipia yai viza.

FRANK: Si viza hilo.

REHEMA: Liliatamiwa?

FRANK: Liliwekwa kwenye joto, ndio.

REHEMA: Lilitotoka?

FRANK: Halikutotoka.

REHEMA: Viza.

FRANK: Hapana, subiri. Viza ni yai lililoshindikana, limefia humo limeoza. Bata anakaa siku 28, hawa wanalitoa wiki ya tatu hivi, zima kabisa, linachemshwa. Hakuna harufu mbaya. Mtu aliyeshushwa kwenye basi njiani pale Segera huwezi kusema alishindwa kufika Tanga. Kashushwa.

REHEMA: Kashushwa na nani?

FRANK: Na mpishi!

REHEMA: [anacheka] Haya, tuseme kashushwa. Basi ni mbaya zaidi. Kama ni kiumbe kilichokuwa safarini na hakijachinjwa, kwetu hicho ni kibudu. Mimi sigusi.

FRANK: Ahaa. Sasa hapo nimekukamata. Ukisema viza, ni yai. Ukisema kibudu, ni bata. Chagua moja.

REHEMA: Sichagui.

FRANK: Huwezi kunipiga na vyote viwili.

REHEMA: Naweza, mimi sili kwa sababu zote mbili. Linganifu kabisa.

FRANK: Lakini jina lenyewe sasa, sikia hili, nimemuuliza kijana wa yule mama. Vit ni bata. Lon maana yake kupinduka, kugeuka juu chini. Ndo maana kuna watu wakiandamwa na mkosi, biashara haiendi, mtu anakula haya mayai ili mkosi upinduke. Ni kama sisi mtu anavyooga maji ya majani.

REHEMA: Hiyo nimeipenda. Hiyo ungeisema kwenye ile video, nisingekuwa na neno.

FRANK: Tumefika kwenye video.

REHEMA: Tumefika. Maana kununa kwangu si kwa ajili ya yai, Frank, kula hata kumi. Umerekodi, umeweka kwenye grupu letu la wasapu watu mia na kitu, umeandika "kula au kimbia", na sura umeikunja kama unakunywa mwarobaini, na yule mzee wa meza ya jirani anaonekana nyuma yako anakula chai yake asubuhi. Ile ni chai yake. Wewe umeifanya mashindano.

FRANK: Mzee hakukasirika.

REHEMA: Ulimuuliza?

FRANK: Sikumuuliza ila—

REHEMA: Mimi nimefanya kazi sehemu hapa hapa mjini, mwaka wangu wa kwanza, nimeleta wali na dagaa, nimepasha. Mtu kaingia jikoni akatoka amebana pua, akaja na wenzake watatu waje wanuse. Hawakunitukana. Walicheka tu, vizuri, kama wewe ulivyokuwa unacheka. Kesho yake nikaanza kuleta mkate na siagi, nimekula mkate miezi minne mimi mtoto wa Tanga. Kwa hiyo nikiona mtu anakunja sura mbele ya chakula cha mtu mwingine, simu mkononi, sicheki.

FRANK: Pole kwa hilo, na umeshanieleza siku nyingi. Lakini haifanani. Wale walikuja kunusa wakaondoka. Mimi nimekula. Nimelimaliza, nimelipa, nimesema cam on, yaani asante, na Jumamosi nimerudi.

REHEMA: Bila kamera?

FRANK: Bila. Na kwa video hiyo hiyo watu wanane wa grupu walienda Jumapili pale, wanane, miongoni mwao kuna mtu kakaa Houston miaka 11 hajawahi kuingia hata kula pho, ile supu yao ya tambi! Mwoga anahitaji kusukumwa. Mimi mwenyewe nisingejipa moyo wa kishujaa nisingeonja.

REHEMA: Wameenda kuogopeshwa, hawajaenda kula. Umesikia walichoagiza? Mayai. Wanane wote mayai, wamepiga picha, nusu wameacha. Yule mama kadhani anawalisha watu wenye njaa. Chakula kimebaki mezani. Wewe Mchaga, nikija Moshi nirekodi watu wanakunywa kisusio, ile supu yenu ya damu, halafu nijifanye natapika?

FRANK: Ungekaribishwa.

REHEMA: Mbele ya mama yako mzazi?

FRANK: ...Mama angekupa bakuli la pili.

REHEMA: Hujanijibu.

FRANK: Nimekujibu. Angekupa la pili, na ungerudi ukiwa umejua kisusio. Ukikaa nyumbani na heshima zako hujui kitu.

REHEMA: Haya, tuliweke hapo, maana naona hatuendi.

FRANK: Hatuendi. Ila ngoja kisusio nikiseme kidogo, maana watu wengi damu inawatisha na Wavietnam wanaitumia sana. Kisusio ni damu ya mbuzi inapikwa na supu na nyama za ndani, imeiva. Ukiagiza bun bo Hue, ile supu ya Hue, mji wa wafalme wa zamani, ina mchaichai na pilipili nyekundu, unakuta humo vipande vya damu iliyogandishwa, vyeusi vyeusi, laini kama ini. Mimi nilivyoviona nilijisikia nyumbani. Lakini kuna kitu kinaitwa tiet canh, hiyo ni damu mbichi inagandishwa na karanga juu, hiyo wapo wanaokula huko Vietnam, na ya nguruwe imeshaua watu, kuna bakteria wa nguruwe wanaingia mpaka kwenye ubongo. Hiyo siigusi hata kwa kamera kumi.

REHEMA: Afadhali kuna kitu unaogopa. Na mam tom.

FRANK: Tusiende huko.

REHEMA: Tunaenda! Watu wajue nani mshujaa hapa. Mam tom ni kamba waliovundikwa na chumvi mpaka wakawa kama tope la zambarau. Unakamulia ndimu, sukari, pilipili, unakoroga mpaka inatoa povu, unachovya tofu ya kukaanga na tambi za mchele. Kile kibakuli kimewekwa mezani, Frank kahama kiti.

FRANK: Inatoka mbali ile harufu, dada.

REHEMA: Mimi nimefumba macho nikajiona nipo soko la samaki la Deep Sea kule Tanga, ng'onda upande huu, papa mkavu upande huu. Nimelamba kibakuli. Hata ile nuoc mam yao, ule mchuzi wa samaki unaouogopa, ni dagaa na chumvi, mapipa makubwa, karibu mwaka mzima, hakuna cha ziada. Sasa mimi mshujaa? Hapana. Nimezoea tu. Na yule mzee wako na mayai matatu naye kazoea. Ndo ninachokuambia toka mwanzo.

FRANK: Na mimi toka mwanzo nakuambia asiyezoea anaanzaje? Anaanza na uoga. Uoga una sura. Sura ile ndo umeiona kwenye video.

REHEMA: Sura ibaki nyumbani.

FRANK: Sura haibaki nyumbani, ipo kichwani!

REHEMA: [anacheka] Muda?

FRANK: Dakika... eh. Tumebakiwa na kama nne. Na orodha sijagusa. Mambo matano.

REHEMA: Soma haraka.

FRANK: La kwanza, pho inatamkwa kama "fa", unaivuta kama unauliza swali. Na bakuli la pho la hapa, lenye sahani ya majani na machipukizi pembeni na sosi tamu, hiyo ni tabia ya kusini. Pho ilianzia kaskazini, huko Hanoi na Nam Dinh, na kule hawaweki mambo mengi. Nchi ilivyogawanywa 1954 watu wengi wa kaskazini wakahamia kusini wakabeba pho yao, kusini wakaiongezea majani. Halafu Saigon, mji mkuu wa kusini, ilivyoanguka Aprili 30, 1975, watu wakakimbia, wengi wakaishia huku Texas, pwani hapa wakawa wavuvi wa kamba. Kwa hiyo unachokula Bellaire kimehama mara mbili.

REHEMA: Hiyo ungeianzia, badala ya yai.

FRANK: Nilitaka kuianzia, wewe ukaja na viza.

REHEMA: Nipe dakika ya Waislamu wenzangu, maana wananiandikia sana. Neno la kwanza kukariri ni heo. Heo ni nguruwe, na yupo kila mahali, mpaka kwenye mchuzi wa kitu usichokitegemea, kwa hiyo uliza. Ca ni samaki. Na ukiona chay, hiyo ni mapishi yasiyo na nyama ya wafuasi wa Buddha, tarehe 1 na 15 za mwezi wao wengi hawali nyama siku hizo, kama sisi tunavyohesabu mwezi. Restorenti ya chay mimi naingia moyo mweupe. Na kama mpo wa pwani agizeni canh chua, supu ya samaki na ukwaju, kambale, nanasi, nyanya, na bamia, Frank, bamia! Nilivyoonja nikampigia mama simu, Tanga saa tisa usiku, kapokea anadhani msiba. Nikamwambia mama, kuna watu huko mbali, ng'ambo ya bahari, wanapika mchuzi wako wa ukwaju.

FRANK: Akasemaje?

REHEMA: Akasema wanatia nazi? Nikasema hapana. Akasema basi si wangu. Akalala.

FRANK: [anacheka] Mama naye kwa majina ya vyakula kama wewe tu.

REHEMA: La pili?

FRANK: La pili... hapana, nina mtoto wa kuchukua saa tisa na nusu. La pili mpaka la tano yameshushwa Segera.

REHEMA: Basi yameviza.

FRANK: Hayajaviza! Yalikuwa njiani! Tusikilizane, Jumapili saa nane mchana, sehemu ile ile, anayekuja aje na njaa. Rehema anakula samaki wake, mimi yai langu.

REHEMA: Na simu zinabaki kwenye gari.

FRANK: Hilo hatujakubaliana.

REHEMA: Hatujakubaliana. Zima.