Usiulize ndege ina miaka mingapi

Haya vijana, sogeeni mbele, hapa chuo cha ndege Soroti mmeshasikia injini mpaka mmechoka, leo naongelea bodi, lile bati lenyewe.

Watu wakiona ndege nzee wanauliza ina miaka mingapi. Swali si baya ila halitoshi, uliza imepaa na kutua mara ngapi. Kila ikipanda, presha ya ndani inasukuma bodi kwa nje, inavimba kidogo sana, ikishuka inarudi, na alumini ni kama waya unaokunja na kukunjua, siku moja inakatika tu bila hata kuaga. Kwa hivo ndege ya Entebbe-Nairobi, Entebbe-Juba, kutwa nzima, bodi yake inachoka haraka kuliko ya Dubai, hata kama hio ya Dubai ina masaa mengi zaidi hewani.

Tena hii historia ilitupitia hapa hapa. Mei 1952 Comet, jeti ya kwanza kubeba abiria wa kulipa, ilianza London-Johannesburg na Entebbe ilikuwa kituo. Mwaka 1954 mbili zikapasuka angani karibu na Italia, moja Januari nyingine Aprili. Waingereza wakaweka Comet nyingine ndani ya tangi la maji pale Farnborough, wakawa wanatia presha wanatoa, wanatia wanatoa, mpaka bodi ikaachia kwenye mzunguko wa 3,057, ukihesabu na zile ilizoruka kweli.

Shirika la ndege la Aloha mwaka 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya safari fupi fupi za visiwani, mizunguko 89,680, yaani imepaa na kutua mara hizo zote! Paa likang'oka wakiwa futi 24,000, mhudumu mmoja akafa. Na kuna abiria aliuona ufa wakati anapanda, akanyamaza. Mimi hapo simlaumu abiria bana, kuona ufa ilikuwa kazi ya mkaguzi.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni kiraka. Boeing 747 ya China Airlines ilikwaruza mkia Hong Kong mwaka 1980, wakabandika bati juu ya mikwaruzo badala ya kuikata yote. Ufa ukakua chini ya kiraka miaka 22, kwa nje huoni kitu, 2002 ikapasuka na watu 225 wakafa. Pembeni mwa kiraka kulikuwa na madoa ya moshi wa sigara, hewa ya kebini ilikuwa inavuja hapo. Doa lilikuwa linaonekana kwa macho!

Sasa, mashine za kupima nyufa tunazo, za umeme, za mawimbi ya sauti, kuna na ile dawa nyekundu ya kupaka, mtazitumia. Ila anza na tochi. Usiimulike bodi uso kwa uso, ilaze tochi karibu na bati ili mwanga upite kwa ubavu, hapo kila kibonyeo kinatoa kivuli. Angalia ribiti, yaani misumari inayoshikilia bati, yenye mkia mweusi kama masizi, hio imelegea, inasuguana na bati. Wanaoosha ndege wanaufuta huo mkia wakidhani ni uchafu, kwa hivo kagua kabla haijaoshwa. Na chini ya vyoo na jiko, inua sakafu, chai na mkojo vinakula alumini kimya kimya.

Ukipata kitu, zungushia alama kwa kalamu iliyoruhusiwa. Penseli hapana, ule unga wake mweusi ukibaki kwenye alumini unaleta kutu pale pale ulipochora. Haya, nani ana swali?