Kilo 1,000 zilizopotea kwenye koma

Shikamooni wazee wa vyama vya msingi. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nieleze namna ya kutafuta ruwaza ndani ya maandishi kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na hapa Mtwara sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Msimu wa korosho, makarani wa maghala ya Newala, Tandahimba na Masasi wanatuma ujumbe kwa simu, kila mmoja kwa mtindo wake: "960kg", "960 kg", "1,250 kg". Tunachotaka ni idadi ya kilo tu.

Ruwaza ni maelezo mafupi ya umbo la maandishi tunayoyasaka. Wazo hili lilitoka kwa Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, miaka ya 1950. Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, akalitumia kutafutia maandishi kwenye kompyuta, na makala yake ikatoka 1968.

Tazameni ubaoni: r"([0-9]+)\s*kg". Mabano mraba ni tarakimu yoyote. Jumlisha ni moja au zaidi. \s* ni nafasi, ikiwepo. Mabano ya kawaida yanatunza tunachokihitaji.

Sasa ipeni re.search, amri ya Python inayosaka ruwaza popote ndani ya maandishi, ujumbe "1,250 kg". Inaanzia kwenye 1, inatarajia kg, inakuta koma, inaachana nayo. Inasogea hadi kwenye 2, inasoma 250, inakuta kg, inarudisha 250. Kwenye skrini hakuna onyo lolote. Mkulima aliyepalilia mwaka mzima amepunguziwa kilo 1,000, na programu imetii ilichoagizwa. Ruwaza isiyokamata kitu mtaigundua siku hiyohiyo. Hii inayokamata nusu ndiyo ya kuogopa.

Tuibadilishe: r"([0-9][0-9,]*)\s*kg", yaani tarakimu moja, kisha tarakimu au koma zozote zinazofuata, halafu tuondoe koma kabla ya kupiga hesabu. Tumepata 1250. Lakini karani mwingine kaandika "gunia 12,960 kg", akimaanisha magunia 12, kilo 960. Ruwaza yetu inasoma kilo 12,960, na kwa umbo peke yake haina namna ya kujua.

Kwa hiyo kubalianeni na makarani muundo mmoja, halafu tumieni re.fullmatch, inayotaka ujumbe wote ulingane tangu mwanzo hadi mwisho: r"gunia ([0-9]+), ([0-9][0-9,]*)\s*kg". Nafasi baada ya koma ya kwanza ni lazima. Ujumbe usiolingana uwekwe kwenye faili la pembeni, karani apigiwe simu. Hata uliolingana, gawanyeni kilo kwa magunia: gunia la kilo 80 tunalijua, la kilo 1,080 hakuna mtu aliyewahi kulibeba.

Mama pale nyuma anauliza kwa nini siandiki \d, alama nyingine ya tarakimu, badala ya [0-9], maana ni fupi. Katika Python 3, \d inakubali pia tarakimu za Kiarabu, za Kihindi na nyingine zilizomo kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Kwenye orodha ya malipo nataka 0 hadi 9 tu, na nataka atakayeisoma baada yangu aone hivyo kwa macho.